Shabaha

Mwaka juzi kwezi walikula cheri zote.
Mwaka jana wakatuachia kokwa, na mavi juu ya benchi.
Mwaka huu mume wangu ameapa,
na Brunon akishaapa
meza ya jikoni si ya kulia chakula tena.

Zilitangulia mota mbili, ndogo kama njugu zenye meno:
moja ya kugeuza shingo, moja ya kuinamisha.
Ikafuata kamera ya simu yangu ya zamani
(ruhusa aliniomba alipokwisha kuing'oa),
kisha pampu ya kuoshea kioo cha ile Skoda
tuliyoiuza kwa bei ya chuma chakavu,
na nyaya, nyaya, nyaya,
mpaka nikaukuta mmoja ndani ya supu.

Akili alileta mjukuu wetu Wit, wa miaka kumi na miwili.
"Babu, haijui ndege. Inajua kilichosogea."
Chukua picha ya sasa, toa picha ya kabla,
kinachobaki ndicho adui.
Nikasema, mji huu wa Kartuzy
nimeishi na watu wa hesabu hiyo hiyo.

Siku ya kwanza ilimlowesha paka,
ikailowesha shuka kwenye kamba mara kumi na saba,
ikamlowesha Bibi Formela aliyekuja kurudisha sahani,
na kivuli cha wingu.
Kwezi walikaa tawi la juu
kama watu waliokata tiketi.

"Kosa langu," Brunon akasema, "nalenga alipo.
Maji yakifika, mwenzangu keshaondoka.
Lazima nilenge pale ambapo bado hajafika."
Nilimwelewa. Miaka arobaini nimeshona magauni ya maharusi
nikiacha nafasi kiunoni
kwa tumbo ambalo bado halijafika.

Tena, shingo ilitetemeka.
Pasipo ndege, pasipo upepo,
tik, tik, kushoto kidogo, kulia kidogo,
kama mtu anayetafuta neno.
Akalehemu kapasita kando ya mota,
ikameza misukosuko ya umeme, shingo ikatulia.
Akainua uso anicheke kwa furaha.
Mimi nilikuwa dirishani na sindano,
uzi ukipita kushoto kwa tundu,
kulia kwa tundu.
Hakuna aliyesema kitu. Chuma cha kulehemu kilifuka moshi.

(Zamani umeme ukikatika
nilitia uzi gizani, kwa ulimi na kidole,
mara moja.)

Juni, cheri zimeiva, nikapita chini ya mti na bakuli.
Jicho likanigeukia. Likashuka begani, kwenye kiwiko,
likasimama kwenye mkono wangu wa kulia
na kuupiga maji. Tena. Na tena.
Wit alikimbilia swichi. Brunon alinywea.
Mimi nilicheka mpaka nikaketi kwenye majani.
Mwaka wa pili huu majirani wanatazama pembeni,
daktari anatazama karatasi;
kimepatikana kimoja
kinachoutazama mkono huu bila haya.

Usiku ule hakuja kitandani.
Asubuhi aliniita nje, akaichomoa pampu kwanza.
"Inua mkono."
Nikainua. Ukacheza ngoma yake ya kila siku.
Jicho likaja, likatua. Kwenye skrini
duara la kijani lilikaa juu ya mkono wangu
tuli, kama sarafu mezani.

"Nimeifundisha ichukue wastani," akasema,
akiviambia viatu vyake.
"Mitetemo midogo iipuuze.
Ifuate tu unakokwenda."

Juu yetu kwezi walikuwa wamejaza midomo.
Kokwa moja ikadondoka, ng'a! ndani ya bakuli langu,
wala hakuna aliyelenga.